Mpaka cherehani zinyamaze

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: hadithi fupi humshikaje msomaji hata asiiweke chini? Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na hadithi zangu huwasomea wenzangu kibandani kabla hazijaenda popote. Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa siku nyingi, na binti anayejifunza kazi. Kipimo changu ni cherehani zao. Hadithi ikiwa butu, zinaunguruma tu. Ikishika, zinanyamaza moja moja, na mwenye cherehani wala hajijui kwamba miguu imesimama.

Kwa hiyo jibu langu ni deni. Msomaji hasomi kwa sababu umeandika vizuri, anasoma kwa sababu kuna kitu anachokudai na hujampa bado. Na deni hilo lianze mapema, maana hadithi fupi haina nafasi ya kupiga hodi mara tatu.

Niwape mfano wa hadithi niliyoibuni mwenyewe. Baba mmoja analeta khanga ya mkewe aliyefariki ili binti yake mdogo ashonewe gauni. Mara ya kwanza niliianza na jua kuchomoza, ndege wakilia, kisha ugonjwa, kisha hospitali, kisha mazishi. Ukurasa mzima na nusu, na mteja wangu bado hajafika mlangoni! Cherehani ziliunguruma mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu alimaliza suruali mbili.

Nikairudia. Safari hii ikaanza hivi: “Usikate kwenye maneno,” mteja aliniambia.

Cherehani ya binti ikasimama hapo hapo. “Yanasemaje?” akauliza. Sikumjibu, nikaendelea kusoma. Kila avaaye khanga anajua ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani hayo maneno yenyewe, na anajua jina ndilo linalomfanya mtu achague hii aache ile. Basi mtu akikukataza kulikata, lazima utake kujua limeandikwa nini. Mimi nikaikunja khanga ndani ya hadithi, maneno yakaangalia ndani, nikamshika mtoto nikaanza kumpima.

Lile la kifo nalo nililifupisha. Fundi ana wasiwasi kama kipande kimoja kitatosha, baba anasema, “Kitatosha, mama yake alikuwa mfupi.” Basi. Mwenzangu aliguna, akasema, “Maskini.” Neno “alikuwa” lilibeba hospitali, mazishi na ule ukurasa wangu wote.

Hapa nawalaumu kidogo walimu wetu, na wanisamehe. Shuleni tulifungua kila insha kwa “Wahenga hawakukosea waliponena”, ikafuata hali ya hewa. Alama tulipata, sikatai. Tukikwama mwishoni, mhusika alizinduka usingizini: kumbe ilikuwa ndoto! Hiyo ndoto kwangu ni dhuluma. Umemkopa mtu muda wake, siku ya kulipa unamwambia hamjawahi kuonana.

Bibi yangu alikuwa na raha zaidi. Akiita “Paukwa!” hasogei mpaka tuitikie “Pakawa!”, na sauti zikipungua anajua nani kalala. Karatasi haiitikii. Ndiyo maana nasoma kwa sauti mbele ya watu wenye kazi zao. Mtu aliyekaa kukusikiliza atakuhurumia, mtu mwenye sare ya kukabidhi kesho hana huruma hiyo.

Turudi kwenye khanga, maana deni lazima lilipwe, na msomaji akishabashiri sarafu utakayomlipa, raha imekwisha. Wote pale kibandani walitegemea maneno ya mapenzi, au dua. Kwenye hadithi, fundi anaikunjua khanga mezani, na jina lake ni HASIDI HANA SABABU. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshataja, kwa kupita tu, kwamba mtoto sasa analelewa na shangazi yake, na kwamba marehemu na wifi yake huyo walikuwa hawakopeshani hata chumvi. Gauni likaisha, maneno yakaangukia mgongoni, na mtoto akatoka akikimbia kwenda kumwonyesha shangazi.

Baada ya hapo nilikuwa na aya moja ya kufafanua: khanga ilinunuliwa lini, ilimlenga nani, baba alikusudia nini. Sikuifikia. Binti alikwisha kupiga kofi la kicheko, mwenzangu kashika mdomo, cherehani zote kimya. Aya ile nikaikata kama ninavyokata uzi mshono ukishafungwa.

Mteja aliyekuwa akisubiri blauzi yake kwenye benchi akaniuliza, “Sasa huyo wifi alifanyaje?” Nikamwambia blauzi yake bado haijatiwa vifungo, akae.