Hasara ya nyumba ya mapumziko: hesabu siku kwanza

Maswali ya leo yanahusu nyumba za mapumziko Marekani. Ukiniuliza kama hasara, yaani gharama zilizozidi pango, inaweza kukupunguzia kodi bila kutaja siku, sina la kukujibu.

Nyumba ya ufukweni tunaitumia wenyewe, tumeipangisha siku 12 tu. Nidai hasara?

Hapana. Chini ya siku 15 pango halitozwi kodi, na gharama za kupangisha huzikati.

Tulikaa siku 20, tukapangisha siku 150 kwa bei ya soko. Gharama zimezidi pango. Nikate kwenye mshahara?

Huwezi. Kikomo cha matumizi binafsi ni siku 14 au asilimia 10 ya siku ulizopangisha, lolote lililo kubwa. Kwako ni 15, umevuka. Gharama za upangishaji zinaishia pale pango linapoishia. Zinazobaki zinahamia mwaka ujao. Na siku ambazo nyumba ilikaa tupu ikisubiri mpangaji si siku za kupangisha. Hili nalirudia kila msimu.

Dada yangu alilipa bei kamili kwa wiki mbili. Hizo si zangu, sivyo?

Ni zako. Ndugu, mzazi au mtoto akikaa likizo, ni matumizi yako hata akilipa senti ya mwisho.

Na siku nilizokwenda kupaka rangi?

Ukishinda kutwa kwenye ukarabati huo, hazihesabiwi, hata kama watoto wanaogelea. Tunza risiti za rangi na andika tarehe siku hiyohiyo, si Aprili unapojaza fomu za kodi.

Sikulala humo hata usiku mmoja. Wageni hukaa siku tano tano. Rafiki anasema naruhusiwa kukata hasara hadi dola 25,000.

Rafiki yako amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo imewaponza wengi. Nafuu hiyo huanza kupungua mapato yakipita dola 100,000, na kwenye 150,000 imekwisha. Halafu wageni wakikaa kwa wastani wa siku saba au pungufu, sheria haiuiti upangishaji tena, na nafuu haikuhusu kabisa. Itabidi uthibitishe kwamba unaiendesha shughuli mwenyewe. Ukimwachia wakala kila kitu, hasara inasubiri hadi upate faida ya shughuli nyingine usiyoiendesha mwenyewe au uuze nyumba.

Nyumba isinunuliwe kwa ajili ya hasara. Dola iliyotoka mfukoni imetoka, kodi inakurudishia kipande tu.

Nisipodai uchakavu, yaani makato ya kila mwaka kwa nyumba kuchakaa, nitakwepa kodi yake nikiuza?

Hukwepi. Watauhesabu ule uliostahili kuudai, kwa kiwango cha hadi asilimia 25. Udai kila mwaka.