Kuanzia utosi hadi uzee: maswali yenu kuhusu ukuaji

Utosi wa mwanangu wa miezi mitatu unadundadunda. Ni ugonjwa?

Hapana. Mifupa ya fuvu bado haijaungana, na hapo juu pana utando na ngozi tu, ndiyo maana mapigo ya damu yanaonekana. Muoshe kichwa bila woga. Utosi wa nyuma huziba mapema, kwa kawaida ndani ya miezi 2 au 3. Wa mbele huziba kati ya miezi 12 na 18, wengine hadi miaka 2. Hakuna cha kupaka kinachouharakisha.

Utazame akiwa ametulia na amekalishwa wima. Ukibonyea huku mdomo umekauka na mkojo umepungua, mtoto amepungukiwa maji. Ukituna na kukaza ilhali halii, hasa akiwa na homa au anatapika, usingoje kesho: mkimbize hospitali.

Mtoto wangu ana miezi 14 na hajatembea. Nimnunulie kigari cha kujifunzia?

Usinunue. Kigari humfikisha kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka, na hakimfundishi kujisawazisha. Mwache pekupeku sakafuni, ashike kiti na kusogea kando kando. Aliyezaliwa kabla ya wakati, mpunguzie wiki alizowahi ndipo uhesabu umri. Miezi 18 ikitimia bado, apimwe.

Binti yangu wa miaka 9 ana kijivimbe kigumu chini ya chuchu moja. Ni saratani?

Tunaelewa hofu yako, lakini hapo ni kubalehe kunakoanza. Kijivimbe huwa kama kifungo cha shati, huuma kikiguswa, na mara nyingi hutangulia upande mmoja. Wa pili hufuata baada ya miezi kadhaa. Msikikamue, na tunasisitiza, kisikatwe: hiyo ndiyo chipukizi ya titi zima, ikiondolewa titi halitaota.

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Hedhi huja takriban miaka miwili baadaye, kwa hiyo mweleze sasa, isije ikamkuta darasani hajui kinachomtoka. Urefu mwingi huongezeka kabla ya hedhi ya kwanza. Baada yake hubaki sentimita chache tu. Angekuwa hajafika miaka 8, tungekuambia umpeleke kwa daktari, maana homoni zikiwahi hufunga mapema gegedu za ncha za mifupa, yaani sehemu laini ambazo mfupa hurefukia: mtoto hurefuka haraka, kisha husimama akiwa mfupi.

Na kaka yake wa miaka 14, mbona naye chuchu zimevimba?

Ni homoni hizohizo. Wavulana wengi hupata hali hiyo, na huisha yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Asichekwe.

Mama ana miaka 68 na anazidi kufupika. Ni kawaida?

Kidogo, ndiyo. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo hunywea, na baada ya miaka 40 mtu hupoteza kama sentimita 1 kila miaka kumi. Akipungua sentimita 4 au zaidi, au mgongo ukimuuma ghafla baada ya kuinua ndoo, huenda pingili imepondeka kwa udhaifu wa mifupa, apigwe picha. Mpimeni bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na iwe asubuhi kila mara, kwa sababu ikifika jioni hata kijana huwa amepungua karibu sentimita moja.