Kabla Hujawafundisha Watoto "Do-Re-Mi": kwa walimu wapya wa kwaya

Mwalimu mpya akikabidhiwa kwaya ya watoto kwa mara ya kwanza, wimbo unaomjia haraka kichwani ni "Do-Re-Mi" kutoka filamu ya The Sound of Music, kwa sababu karibu kila mtu amepata kuusikia mahali fulani, na kwa sababu unaonekana kama umekuja na mwalimu wake ndani. Nami nilianza nao. Katika tamasha langu la kwanza la kufunga mwaka niliandika kwenye ratiba, kwa herufi nzito, kwamba watoto wangeimba "wimbo wa asili wa Austria". Watu walipokwisha kutawanyika, mzee mmoja aliyeongoza kwaya ya kanisa kwa miaka mingi alinivuta pembeni, akaniita "mwanangu", akanieleza kwa upole kwamba wimbo ule ni kazi ya Wamarekani wawili, na kwamba hakuna bibi wa Austria aliyepata kumbembelezea mjukuu kwa wimbo huo wakati ule mambo ya filamu yalipotokea. Niliona haya, lakini haya zile ndizo zilizonifanya niuchunguze, na niliyoyakuta yamebadilisha kabisa namna ninavyoufundisha.

Wimbo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa The Sound of Music, unaosimulia habari za Maria, mwalimu wa watoto wa familia ya von Trapp ya Austria, uliofunguliwa Broadway, New York, tarehe 16 Novemba 1959. Muziki ni wa Richard Rodgers na maneno ni ya Oscar Hammerstein II, ambao walikuwa wakitunga pamoja tangu mchezo wa Oklahoma! wa mwaka 1943. Maria wa kwanza, yule wa jukwaani, alikuwa Mary Martin. Hammerstein alikuwa na saratani, akafariki tarehe 23 Agosti 1960, miezi tisa tu baada ya pazia kufunguliwa, kwa hiyo hakuiona filamu iliyoufikisha wimbo wake kwa watoto wa dunia nzima. Filamu hiyo iliongozwa na Robert Wise, Julie Andrews akiigiza kama Maria. Ilitoka mwezi Machi 1965 na mwaka uliofuata ikapata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora.

Kosa langu la kwenye ratiba lilitokana na jambo moja ambalo nanyi mtaulizwa na wazazi: je, familia ya von Trapp si ya kweli? Ni ya kweli. Georg von Trapp alikuwa nahodha wa jeshi la majini, mjane mwenye watoto saba, aliyeishi Salzburg, na Maria Kutschera alifika nyumbani kwake mwaka 1926 akitokea utawani, ili amfundishe mtoto mmoja tu aliyekuwa amedhoofishwa na ugonjwa. Walioana mwaka 1927. Hata hivyo watoto wale walikuwa wakiimba na kupiga vyombo kabla Maria hajabisha hodi, na aliyewanoa mpaka wakawa kwaya ya kusafiri na kuimba mbele ya umma ni padri, Franz Wasner. Mwaka 1938 waliondoka nchini kwa treni kuelekea Italia, wala hawakuvuka milima kwa miguu kama filamu inavyoonyesha. Hivyo hakuna mtoto wa von Trapp aliyefundishwa nota kwa wimbo huu, maana ulitungwa zaidi ya miaka 30 baada ya Maria kuingia katika nyumba ile. Mzazi anapouliza, mpe jibu hilo bila kumharibia filamu. Hadithi ya kubuni si uongo mradi hujaiandika kwenye ratiba kama historia.

Jambo la pili nililolikosea lilitoka kwenye filamu yenyewe. Katika mchezo wa jukwaani Maria anauimba wimbo huu ndani ya nyumba, siku ileile anapokutana na watoto, akiwa na gitaa. Filamu iliusogeza mbele katika hadithi na kuutoa nje: unaanzia kwenye malisho ya mlimani karibu na Werfen, unazunguka mji wa Salzburg, na unamalizikia kwenye ngazi za bustani ya Mirabell. Nilitaka watoto wangu wafanye vivyo hivyo, wakimbie, waruke, wapande ngazi za ukumbi huku wakiimba, na kufikia ubeti wa pili nilikuwa na watoto thelathini wanaohema. Nilikuwa sijajua kwamba sauti za filamu zilirekodiwa studio mapema, kisha waigizaji wakawa wanafuatisha kwa midomo mbele ya kamera, na kwamba kile tunachokiona kama matembezi ya mara moja kilipigwa picha vipande vipande katika sehemu mbalimbali mwaka 1964. Ukitafuta mfano wa kuiga, uige ule wa jukwaani: mwalimu mmoja, gitaa moja, watoto waliosimama wakamsikiliza.

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa nawaomba mnivumilie nikirudi nyuma karibu miaka elfu moja. Katika karne ya 11 mtawa Mwitalia, Guido wa Arezzo, alitaka wanakwaya wake waweze kuimba wimbo wasioujua bila kusubiri miezi ya kukaririshwa. Alitumia utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake unaanza sauti moja juu ya mstari uliotangulia, akachukua silabi za mwanzo wa mistari hiyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do, na silabi ya saba, si, ikaongezwa. Katika karne ya 19 mwalimu wa Kiingereza, Sarah Glover wa Norwich, aliibadili si kuwa ti ili kila nota iwe na herufi yake ya kwanza isiyogongana na nyingine, na mchungaji John Curwen akaujenga juu ya kazi yake mfumo wa solfa ambao wamisionari waliuleta kwetu. Zile herufi d, r, m, f, s, l, t pamoja na nukta pacha na vistari ambazo mwalimu wa kwaya wa Tanzania au Kenya anaziandika ubaoni kila Jumamosi jioni ni urithi wa watu hao wawili. (Mkikutana na mwanakwaya aliyesoma muziki kwa utaratibu wa Kifaransa, kama wengi wa Kongo na Burundi, atasema si, na kwake Do ni nota ya C daima, haihami kamwe kufuata ufunguo wa wimbo, msibishane naye, kila mmoja ana haki kwa mfumo wake.)

Hebu sasa uangalie alichofanya Rodgers. Mstari wa kwanza wa wimbo wake unaanzia Do, wa pili unaanzia Re, wa tatu Mi, na kuendelea hivyo mpaka Ti. Ni mbinu ileile ya utenzi wa Guido: kila mstari unakanyaga kidato kinachofuata cha ngazi. Siku nilipoliona hilo niliacha kuuchukulia kama wimbo wa kuchekesha watoto, nikaanza kuufundisha kama chati ya ngazi ya sauti iliyovaa nguo za sikukuu. Nilichora ngazi ubaoni, nikamsimamisha mtoto mmoja akiwa na kijiti, na kila mstari ulipoanza alipaswa kugusa kidato chake. Watoto ambao kwa wiki tatu walikuwa wakiimba kwa kubahatisha walianza kujua wako wapi.

Kuna mitego, na afadhali mwijue mapema. Mstari wa kwanza unakwenda d r m, d m d m, na wa tatu ni pacha wake uliopandishwa: m f s, m s m s. Lakini wa pili hauko hivyo. Unakwenda r m f, f m r f, na pacha wake ni wa nne: f s l, l s f l. Mtoto aliyelizoea umbo la mstari wa kwanza ataulazimisha wa pili ufanane nao, kisha atagonga ukuta na kukuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Fundisha wa kwanza na wa tatu pamoja, halafu wa pili na wa nne pamoja, na usivichanganye mpaka kila jozi imekaa vizuri mdomoni.

Mtego mkubwa uko mistari mitatu ya mwisho. Wa tano ni mwepesi: s, d r m f s l. Wa sita ni umbo hilohilo lililopandishwa kidato kimoja, na ili lisiharibike inabidi Fa ipandishwe kuwa fe: l, r m fe s l t. Wa saba unapanda tena, na sasa zinahitajika mbili, fe na se, yaani So iliyopandishwa: t, m fe se l t, kisha unatua kwenye Do ya juu. Karibu kila kwaya ya watoto niliyoisikia inaimba Fa ya kawaida mahali pa fe, na kinanda kikipiga sahihi inasikika kama watu wawili wanaogombana kwa adabu. Usiwaeleze watoto habari za nusu sauti. Waimbishe mstari wa tano kwanza, kisha wape La na uwaambie waimbe "kilekile" kutokea hapo bila kutaja majina ya nota. Sikio litaileta fe lenyewe, na baada ya hapo ndipo uwaambie jina lake. Nilitumia mwaka mzima kufanya kinyume chake.

Mistari hii saba inakaa kati ya Do ya chini na Do ya juu, yaani ngazi moja tu, na sehemu ya pili inaizidi kwa Re moja tu iliyo juu yake, kwa hiyo ukichagua ufunguo wa D hata watoto wa darasa la kwanza wataufikia bila kupiga kelele juu wala kuguna chini. Sehemu ya pili, ambapo nota zinachanganywa, s d l f m d r, kisha s d l t d r d, ndiyo zawadi yenyewe: ni mazoezi ya kuruka kutoka kidato kimoja kwenda kingine bila kupita katikati. Iimbeni kwa majina ya nota na ishara za mikono za Curwen, ambapo kila nota ina mkao wake wa mkono, kabla ya kuweka maneno yoyote.

Nimeyaacha maneno mwisho kwa makusudi. Utani wa Hammerstein unategemea matamshi ya Kiingereza: Do inatamkwa kama jina la paa jike, Re kama mwale wa jua, Mi kama mtu anavyojitaja, Fa kama umbali, So kama kushona, na Ti kama chai. Utani huo wa chai, kwa njia, usingewezekana kama Bi Glover hangeigeuza si kuwa ti. Nilipowakaririsha wanafunzi wangu maneno hayo, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, huyo paa na Do wanahusiana nini?" Sikuwa na jibu ambalo lingemsaidia kukumbuka Do, na kusaidia kukumbuka ndiyo kazi pekee ya maneno yale. Wajapani waliliona hilo mapema: Peggy Hayama alipouimba kwa Kijapani, toleo lililotangazwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, Do ikawa ya donati, Re ya limau, na La ya tarumbeta, kwa sababu hizo ndizo silabi zinazoanzisha maneno hayo katika lugha yao.

Sisi tulifanya mchezo wetu wa darasani, bila kuugusa wimbo wa wenyewe, maana kazi ya Rodgers na Hammerstein ina wamiliki, na anayetaka kuchapisha au kurekodi tafsiri yake lazima aombe kibali. Tuliimba ngazi tupu, na kila mtoto alileta neno la nyumbani kwao. Do ikawa dodo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa maembe. Re ikawa reli na Mi ikawa miwa. Fa ilitusumbua siku mbili, kwa sababu wavulana wa nyuma walicheka kwamba mwalimu anawaamuru wafe, mpaka mmoja akainua fagio lililokuwa mlangoni na shauri likaisha. So ilikuwa soko, na Ti tikiti.

Ilibaki La. Hiyo ndiyo nota iliyomshinda Hammerstein mwenyewe, kwani hakupata picha ya kuivika, akaridhika kusema kwamba ni nota inayoifuata So. Niliwaambia watoto hivyo, kwamba hata bwana mkubwa yule alikwama hapo, nikawapa hadi kesho yake waende kufikiri. Asubuhi yake mtoto mdogo kuliko wote, ambaye analelewa na bibi yake, alipanda mpaka kidato cha sita cha ngazi za jukwaa, akanyoosha kidole kama bibi anavyomnyooshea, akakitikisa, akaimba kwa sauti iliyokaa sawasawa kabisa: "La!"