Re: Corolla 110 inadondosha oili nyekundu

Salama mkuu. Umesema kila asubuhi unakuta doa jekundu chini ya gari, na fundi wa Nyakato anataka ashushe gia boksi nzima ya otomatiki. Mwambie asubiri.

Osha chini kote kwa mafuta ya taa, kausha, utandike boksi la karatasi usiku kucha. Tone litakuonyesha. Likiwa mbele karibu na rejeta, shika ile mipira miwili inayopeleka oili ya gia boksi kupozwa kwenye rejeta: ikikaa sana inakakamaa na klipu zinalegea. Yangu ilikuwa hapohapo, na nilishatajiwa bei ya gia boksi ya mtumba! Likiwa usawa wa tairi, ni sili ya shafti (mpira unaozuia oili pale shafti ya tairi inapoingia gia boksi). Katikati ni gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi), ila boliti zake usizikaze kwa hasira, sampo inapinda na kuvuja zaidi. Likitokea kati ya injini na gia boksi, basi fundi wako yuko sahihi.

Kabla hujapandisha nayo mlima wa Bugando, pima oili ya gia boksi kwa dipstiki yake, injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Usiongeze oili ya injini humo. Zile dawa za kuziba sili sijawahi kuzitumia, hapo wengine waseme.