Maswali na majibu: Siliati walitoka wapi?

Tangu tulipozungumzia paramesia, maswali yameendelea kuingia. Kwa aliyekosa mazungumzo yale: paramesia ni mmoja wa siliati, viumbe wa seli moja wanaoogelea na kujilisha kwa silia, yaani vijinywele vinavyopiga maji kwa mpangilio. Tone la maji ya bwawa na hadubini ya shule vinatosha kuwaona. Leo najibu maswali kuhusu asili yao.

Shikamoo mwalimu. Je, binadamu tumetokana na siliati? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa)

Marahaba. Hapana, hatukutokana nao. Katikati ya karne ya 20, mwanazuoni Jovan Hadži alitetea wazo kwamba wanyama wa kwanza walitokana na siliati wenye viini vingi, ambao mwili wao uligawanyika kwa ndani ukawa seli nyingi. Wazo lilivutia, maana siliati mmoja ana mdomo, ana mahali pa kutolea uchafu, na ana vifuko vya kusukumia nje maji yaliyozidi. Vinasaba vimelikataa. Wanyama wana undugu wa karibu zaidi na uyoga kuliko na siliati. Njia zetu za hewa nazo zina silia za muundo uleule, jozi 9 za vijirija zikizunguka vijirija 2 vya katikati, lakini muundo huo sote tumeurithi kwa babu wa kale sana wa viumbe wenye kiini katika seli.

Nawaomba walimu wenzangu tuache kuwaandika siliati ubaoni kama "viumbe duni". Wamepitia miaka ileile ya mageuko tuliyopitia sisi, kwa njia yao.

Ni kweli wana undugu na kimelea cha malaria? (Msomaji, Kisumu)

Ni kweli. Siliati, Plasmodiamu wa malaria na dainoflajelati wa baharini wamo katika ukoo mmoja, Alveolata. Alama yao ni vifuko bapa vilivyopangwa chini ya utando wa seli. Matawi yao yaliachana zamani mno, na siliati wengi hawana madhara kwetu. Anayejulikana kuishi ndani ya binadamu kama kimelea ni Balantidiamu, ambaye kwa kawaida hukaa kwenye utumbo wa nguruwe.

Kwa nini wana viini viwili? Seli zetu zina kimoja tu. (Muuguzi, Mombasa)

Hapa ndipo penye uhondo wote. Mkulima hutenga mbegu ya msimu ujao na kula nafaka iliyobaki. Siliati hufanya hivyo kwa vinasaba vyake. Kiini kidogo ni mbegu: kimetulia, na jeni zake karibu zote zimenyamaza. Kiini kikubwa ndicho kinachoendesha maisha ya kila siku. Siliati wawili wanapojamiiana, hubadilishana sehemu ya kiini kidogo, kisha kila mmoja huharibu kiini chake kikubwa cha zamani na kuunda kipya kutokana na kile kidogo.

Uundaji huo una mambo. Siliati mmoja aitwaye Oksitrika hutupa zaidi ya asilimia 90 ya DNA iliyomo katika kiini kidogo. Vipande vinavyobaki, vingine vikiwa vimevurugika mpangilio au vimegeuzwa, huungwa upya hadi kupata aina zipatazo 16,000 za kromosomu ndogo sana, nyingi zikiwa na jeni moja tu. Kwa nini apate taabu hiyo? Maelezo yanayonishawishi ni kwamba ilianza kama ulinzi dhidi ya jeni zinazorukaruka, zile zinazojinakili na kujipachika popote. Vipande vingi vinavyotupwa ni mabaki yake. Na kimeng'enya ambacho paramesia hukatia DNA hiyo chenyewe kimetokana na jeni rukaji iliyofugwa: mwizi amegeuzwa mlinzi.

Wapo pia siliati waitwao karioreliktea, ambao kiini chao kikubwa hakigawanyiki kabisa. Kila seli inapogawanyika lazima vitengenezwe vingine kutoka kwa vidogo. Zamani walidhaniwa kuwa mabaki ya siliati wa mwanzo. Nasaba ya vinasaba imewaweka pamoja na kundi la siliati mwingine, Stenta, ambaye kiini chake kikubwa hugawanyika. Kwa hiyo ama uwezo huo ulizuka mara mbili, ama karioreliktea waliupoteza.

Kuna visukuku vyao? (Msomaji, Bujumbura)

Vichache, kwa sababu miili yao ni laini. Ninachokipenda kilitangazwa mwaka 2012: kiumbe mwenye umbo la siliati aitwaye Votisela, akiwa na shina lake lililojikunja, amehifadhiwa ndani ya ganda la mayai ya ruba huko Antaktika kwa takriban miaka milioni 200. Katika miamba ya Grand Canyon, Marekani, yenye miaka takriban milioni 740, kumepatikana gamaserani, mabaki ya mafuta ambayo siliati wengi hutengeneza. Lakini baadhi ya bakteria nao huyatengeneza, hivyo mimi siyahesabu kama ushahidi tosha.

Ng'ombe wangu wana siliati tumboni. Waliingiaje? (Mfugaji, Njombe)

Ndama hazaliwi nao. Huwapata kwa mate ya mama yake na ng'ombe wengine, wakati wa kulambwa na kula pamoja. Ukimtenga mapema hukua bila wao, na haishi kwa shida.

Tumboni mwa ng'ombe oksijeni ni haba. Mitokondria za siliati hao zimegeuka kuwa vyombo vinavyotoa haidrojeni, na vijidudu vinavyoishi juu yao na ndani yao huitumia haidrojeni hiyo kutengeneza methani, gesi ambayo ng'ombe huitoa kwa kubeua. Kwamba vyombo hivyo ni mitokondria za kale, shahidi ni Niktotherasi, siliati wa utumbo wa mende: vyake bado vina DNA ya mitokondria.