Kabla ya Kuomba Msaada wa JOIN, Andaa Majedwali Yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chake Chake aliniandikia akilalamika kwamba ameuliza swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, mbele ya mafundi wa mtandaoni, na badala ya jibu akaambiwa akasome kwanza. Namwelewa, kwani nami yalinifika hayo hayo na hadi leo yananiuma.

Nilikuwa nikitengeneza programu ya mnunuzi wa mwani huko Micheweni, yenye jedwali la wakulima, la mizani na la malipo. Nilipoyaunganisha yote matatu kwa LEFT JOIN (amri inayounganisha majedwali na kubakiza kila mstari wa jedwali la kwanza hata usipopata mwenzake) ili nipate jumla ya kilo na ya fedha, mama aliyepima mara 3 na kulipwa mara 2 alitokea katika mistari 6, kwa sababu kila mstari wa mizani ulikutanishwa na kila mstari wa malipo. Kilo zake zikawa maradufu na fedha zake mara tatu. Swali langu lilifungwa, eti halieleweki, na bingwa mmoja, ambaye naamini hakulisoma, akaniamuru nitie DISTINCT, inayohesabu thamani zinazofanana mara moja tu, ndani ya SUM, amri ya kujumlisha. Ushauri huo ni wa hatari: mama akileta kilo 40 leo na kilo 40 wiki ijayo, mzigo mmoja unafutika, naye anapunjwa jasho lake.

Niliandika upya. Niliweka amri za CREATE TABLE zinazounda majedwali, mistari michache ya kubuni, matokeo niliyoyataka, na toleo la hifadhidata, maana MySQL iliyo chini ya 8.0 haina WITH, ya kuyapa majina maswali madogo ndani ya swali kubwa. Jibu sahihi likaja upesi: jumlisha kila jedwali peke yake kwa mkulima, kisha ndipo uunganishe. Tangu hapo hakuna mkulima aliyepinga hesabu zangu, na hilo nalisema kwa kujivunia.

Vijana wetu, acheni kutuma picha ya skrini na maneno “wakubwa, JOIN inagoma”. Picha hainakiliki, na anayekusaidia halipwi. Wala msibandike majina na simu za akina mama wa watu, buni data.

Jibu ukishalipata, lijaribu kwa mkulima ambaye hajalipwa kabisa. Akitoweka, tazama kama sharti linalohusu malipo limekaa kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja matokeo, kwani hapo mistari yenye NULL (yaani pasipo na thamani) huchujwa na LEFT JOIN yako hubaki jina tu. Lihamishie kwenye ON, sehemu ya sharti la kuunganisha.