Kabati la vitabu au kifaa cha kusomea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga, na nina vitabu vipatavyo 400 nilivyoanza kuvikusanya nikiwa chuoni. Mwaka jana mchwa walikula rafu nzima ya chini kabla sijagundua, na macho yangu nayo yamechoka na herufi ndogo. Binti yangu anataka kuninunulia Kindle, kifaa cha kusomea vitabu pepe, yaani vya kielektroniki, tena ananishauri nivigawe vitabu vyote ili chumba kipate nafasi. Nikubali?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa rafu hiyo. Zawadi ya binti yako ipokee kwa mikono miwili, lakini vitabu usivigawe vyote.

Kwa upande wa macho, kifaa hicho kitakufaa. Tangu Kindle ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, kioo chake cha kawaida hutumia wino wa kielektroniki, yaani chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme hadi zikaunda herufi, kwa hiyo unaweza kusoma barazani jua la mchana likiwaka, mahali ambapo kioo cha simu hakionekani vizuri. Herufi utazikuza upendavyo, na kwa kuwa umeme hutumika zaidi wakati wa kufungua ukurasa mpya, chaji hukaa wiki kadhaa. Angalizo langu ni moja: mafaili ya PDF, hasa yale ya kurasa zilizopigwa picha, hayapangiki upya unapokuza herufi, na kuusukuma ukurasa huku na huku kwenye kioo kidogo kunachosha. Ikiwa unayo mengi, mwombe binti yako akutafutie chenye kioo kikubwa.

Linalonifanya nikuzuie kugawa ni suala la umiliki. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon, ambayo ndiyo yenye Kindle, ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini wasomaji walitambua kwamba kitabu pepe unachonunua kwa kawaida ni ruhusa ya kusoma tu. Kitabu cha karatasi unaweza kumwazima mwanafunzi wako wa zamani au kumwachia mjukuu, bila kumwomba mtu yeyote idhini.

Zaidi ya hayo, diwani na riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 hazipatikani kama vitabu pepe, na baadhi hazijachapishwa tena. Hizo, Mwalimu, nakusihi usiziachie. Kama ni lazima upunguze, anza na riwaya za Kiingereza za karne ya 19, ambazo nyingi zinapatikana bure katika mradi wa Gutenberg, maktaba ya vitabu pepe ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971. Nakala zako zipeleke shule iliyo karibu.

Kuhusu mchwa, sogeza kabati mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, miguu yake uisimamishe ndani ya vikopo vyenye oili chafu, na rafu ya chini kabisa iache tupu. Kila wiki kagua nyuma yake kwa tochi, na ukiona kinjia cha udongo kinapanda, kibomoe siku hiyohiyo na umwite fundi wa dawa.